Alamu ya moshi inalia nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia zinazozungumza Kiswahili ambazo sasa zinaishi Marekani, hasa zile zilizopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali, kisha zikakabidhiwa apatimenti yenye kidude cheupe cha duara darini ambacho hakuna aliyewaeleza vizuri. Kinapoanza kulia, wengi hukishusha, hukitoa betri na kukitupa kabatini ili watoto walale. Tunaelewa uchovu huo. Hata hivyo tunakuomba usome kwanza, maana karibu kila mlio una tiba ya dakika chache, na nyumba ambayo alamu yake imenyamazishwa ndiyo nyumba ambamo moto huua. Kwa takwimu za NFPA, shirika la Marekani linaloandika kanuni za kinga dhidi ya moto, karibu vifo vitatu kati ya kila vitano vya moto wa nyumbani hutokea kwenye nyumba zisizo na alamu ya moshi au zenye alamu isiyofanya kazi.

Nitajuaje kama ni moto kweli au ni betri tu?

Hesabu milio.

Milio mitatu mikali, kimya kifupi, mitatu tena, bila kukoma: alamu imenusa moshi. Amsha watu wote, tokeni nje, na mpige 911, namba ya dharura ya Marekani, mkiwa huko huko nje.

Milio minne ya harakaharaka, kimya cha kama sekunde tano, minne tena: hiyo ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Tokeni nje na mpige 911 hata kama hamuoni wala hamnusi chochote. Na zingatia jambo hili ambalo huwapoteza wengi: baada ya dakika chache, kimya kati ya milio hiyo minne kinaweza kurefuka hadi dakika nzima. Ukiwa umechelewa kuamka utadhani ni betri. Ikiwa ni minne, si betri.

Mlio mmoja mfupi, "pii!", halafu kimya cha sekunde 30 hadi 60, halafu "pii!" tena: hapo kifaa kinajisemea chenyewe. Betri imechoka, au kifaa kimezeeka, au kina hitilafu. Hakuna moto, lakini moto ukitokea usiku huo huenda kisiwaamshe.

Ukibaki na shaka, toka kwanza, uhesabu ukiwa nje.

Ni "pii" moja kila baada ya muda. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua ni kipi kinacholia, maana nyumba nyingi zina zaidi ya kimoja. Simama chini ya kila kifaa na usubiri zaidi ya dakika moja, bila haraka. Sauti hii ni nyembamba sana na huruka kwenye kuta, kwa hiyo sikio peke yake hudanganyika. Ukiwa sebuleni utaapa inatoka jikoni. Mpe kila mtu mzima chumba chake asimame, kisha mlio ukija muulizane. Kama alamu zote zimeunganishwa, kwa kawaida ile yenye betri iliyochoka ndiyo pekee inayotoa "pii".

Ukishaipata, panda kwenye ngazi au kiti imara (si cha magurudumu), shika kifaa na ukizungushe kinyume cha saa. Vingi huachia hapo hapo. Vingine vina kimlango cha betri pembeni au mbele, na havihitaji kushushwa kabisa. Tazama aina ya betri iliyomo. Mara nyingi ni ile ya mstatili ya volti 9, au mbili hadi tatu za AA. Nunua aina iliyoandikwa ndani ya kifaa, iwe ya alkalaini au lithiamu. Betri za bei ya chini kabisa hukurudisha darini mapema, na zile za kuchaji tena hazifai kwa kazi hii kwa sababu huisha chaji ghafla bila kutoa onyo la kutosha.

Weka betri mpya huku ukifuata alama za kujumlisha na kutoa. Ukisukuma ile ya volti 9, isikike ikiingia "tak". Rudisha kifaa mahali pake, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa TEST mpaka kipige kelele. Kikipiga, umemaliza.

Kwa nini huanza saa nane au saa tisa usiku?

Kwa sababu ya baridi. Nyumba hupoa usiku, na betri inapopoa nguvu yake hushuka kidogo. Betri iliyokuwa ukingoni mchana inavuka mpaka usiku wa manane, kifaa kikaanza kulia. Asubuhi joto likirudi, mlio unaweza kukoma wenyewe, na hapo ndipo watu husema "imepona". Haijapona. Badilisha betri siku hiyo hiyo, vinginevyo itawaamsha tena.

Nimeweka betri mpya, na bado inalia!

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko mengine yote, na majibu yake ni kadhaa. Yapitie kwa mpangilio huu.

Kwanza, umeme uliobaki ndani. Kifaa huhifadhi chaji kidogo na kuendelea kukumbuka betri ya zamani. Kishushe, toa betri, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha TEST kwa sekunde 15 hadi 20. Kinaweza kupiga kelele fupi na kufifia. Rudisha betri mpya.

Pili, betri yenyewe. Huenda ilikaa dukani au kwenye droo miaka mingi. Tarehe ya mwisho imeandikwa ubavuni mwake. Huenda pia kimlango hakikufungika vizuri, au karatasi ndogo ya plastiki inayokuja na kifaa kipya haijavutwa.

Tatu, vumbi na wadudu. Buibui na mende wadogo hupenda kuingia ndani kupitia matundu ya pembeni. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi kuzunguka matundu yote, au futa kwa brashi laini kavu. Usitumie maji, sabuni wala dawa ya kupulizia wadudu.

Nne, na hili ndilo wengi hawalifahamu: alamu ya moshi ina umri. Igeuze uangalie mgongoni. Kuna tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingine maneno REPLACE BY yakifuatiwa na mwaka. Alamu ya moshi hutumika miaka 10 tangu itengenezwe, si tangu uhamie. Ikishapita hapo, sehemu inayonusa moshi haiaminiki tena, na vifaa vingi vimetengenezwa vilie makusudi ili vibadilishwe. Hakuna betri itakayovinyamazisha. Ukiona tarehe imepita, usipoteze pesa kwa betri nyingine. Mwandikie mwenye nyumba, au nunua kipya.

Yangu haina mahali pa kuweka betri.

Hiyo ni ile iliyofungwa na betri ya lithiamu ndani yake kwa miaka 10. Ikianza "pii" imefika mwisho, au ina kasoro, na hubadilishwa nzima. Usijaribu kuifungua.

Yangu ina waya za umeme nyuma. Kwa nini basi inataka betri?

Ili ifanye kazi umeme ukikatika. Umeme wa nyumba wa volti 120 ndio unaoiendesha siku zote, na betri ni akiba. Taa ndogo ya kijani ikiwaka, umeme unafika. Ikizima wakati nyumba nzima ina umeme, breka yake (swichi ya usalama kwenye kisanduku cha umeme) imeruka au waya umelegea.

Betri unaweza kubadilisha mwenyewe. Waya usiziguse: katika nyumba ya kupanga hiyo ni kazi ya fundi wa jengo. Kama ni nyumba yako na unataka kubadilisha kifaa kizima, zima breka kwanza, hakikisha taa ya kijani imezimika, ndipo uchomoe plagi ya nyuma kwa kubana masikio yake mawili.

Alamu zote zimelia pamoja na hakuna moto popote. Zimeharibika?

Huenda ni moja tu iliyonusa kitu ikaziamsha nyingine, kwa kuwa zimeunganishwa ili anayelala chumba cha mwisho asikie moto ulioanzia jikoni. Huo ni msaada mkubwa. Zunguka vyumba vyote kwanza, gusa milango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuifungua. Ukishaona kuna usalama, tafuta ile ambayo taa yake nyekundu inapepesa kwa kasi kuliko nyingine. Mara nyingi ndiyo iliyoanza. Iangalie kwa vumbi, mdudu, au mvuke wa bafu.

Inalia kila nikipika. Nifanye nini?

Upishi wetu una moshi, na hakuna aibu ndani yake. Chapati kwenye chuma kikavu, ndagala za kukaanga, nyama ya kuchoma kwenye oveni, mawese yanayounguzwa mpaka yapoteze wekundu: vyote hivi hutoa chembe ambazo kifaa hakiwezi kuzitofautisha na mwanzo wa moto. Vivyo hivyo udi na ubani. Chetezo likikaa chini ya alamu, litaiamsha.

Alamu ikianza wakati unapika na unaona wazi chanzo ni sufuria, punguza moto, fungua dirisha, washa feni ya juu ya jiko, na upunge hewa chini ya alamu kwa taulo. Vifaa vingi vina kitufe kilichoandikwa HUSH au SILENCE, mara nyingine ni kile kile cha TEST. Ukikibonyeza kinatulia kwa dakika nane hadi kumi hivi kisha kinarudi kazini chenyewe. Tumia kitufe hicho badala ya kutoa betri. Betri iliyotolewa "kwa muda" husahaulika juu ya friji.

Ikiwa hutokea kila siku, tatizo ni mahali pa kifaa. Kinatakiwa kiwe angalau mita 3 kutoka kwenye jiko, na kisiwe mbele ya mlango wa bafu. Mwombe mwenye nyumba akihamishe, au aweke kinachotumia mwanga kunusa moshi. Hicho hakisumbuliwi sana na moshi wa kukaanga kama kile cha ioni, yaani kinachonusa moshi kwa chembe ndogo ya mionzi.

Tunasisitiza hili kwa sababu alamu inayolia ovyo huwafundisha watu kuipuuza. Tarehe 9 Januari 2022, huko Bronx, New York, kipasha joto cha umeme kiliwasha moto katika jengo la ghorofa 19 walimoishi familia nyingi za wahamiaji kutoka Gambia. Watu 17 walifariki, wanane kati yao watoto, na wengi wao walizidiwa na moshi uliopanda ngazini kupitia milango iliyobaki wazi. Wakazi waliopona walieleza kwamba alamu za jengo hilo zilikuwa zikilia mara kwa mara bila sababu, hivyo siku hiyo baadhi yao hawakustuka zilipoanza. Alamu ya jengo lenu ikiwa na tabia hiyo, msinyamaze. Andikeni malalamiko pamoja kama wapangaji, na mkishatoka nje kila mmoja afunge mlango nyuma yake.

Naweza kuifunga kwa mfuko wa plastiki nikipika, halafu niutoe?

Hapana. Wala usiipake rangi, wala usibandike tepu.

Hiyo kaboni monoksidi inatoka wapi, na inatuhusuje?

Inatuhusu sana. Ni gesi inayotokea kitu chochote kinapoungua bila hewa ya kutosha: makaa, kuni, gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa. Kijijini jiko la makaa tuliliweka uani au kwenye banda la kupikia lenye ukuta wa matete, hewa ikapita. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa kila upenyo. Jiko lile lile, likiingizwa sebuleni umeme ukikatika wakati wa theluji, linaweza kuua familia nzima usingizini, na hakuna atakayekohoa. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas kwenye baridi kali, watu walikufa hivyo: waliwasha majiko ya makaa ndani, jenereta, na magari kwenye gereji ili wapate joto.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Zinafanana na mafua, ila hapa nyumba nzima huugua siku moja, na mtu hupata nafuu akitoka nje. Ukiona hivyo, tokeni wote, hata kama alamu iko kimya.

Kifaa cha gesi hii kinaweza kuwa kimoja na cha moshi, au kingine kinachochomekwa ukutani karibu na sakafu. Umri wake mara nyingi ni mfupi kuliko wa alamu ya moshi, miaka 5 hadi 10 kulingana na kifaa, kwa hiyo soma mgongoni. Watu wengi hubadilisha betri za darini zote huku kinacholia ni hicho kilichojificha nyuma ya kochi.

Nani anayepaswa kuitengeneza: mimi au mwenye nyumba?

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuweka alamu inayofanya kazi kabla hujahamia. Kubadilisha betri kunaweza kuwa juu yako. Soma mkataba wako wa pango au mwombe mtu akusomee sehemu hiyo. Kifaa kilichozeeka, chenye waya, au kilichoharibika ni kazi yake.

Toa taarifa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu: namba ya apatimenti, chumba, tangu lini kinalia. Ambatisha picha ya mgongo wa kifaa inayoonyesha tarehe. Hifadhi ujumbe huo. Kupiga simu ofisini na kuambiwa "tutakuja" hakuachi ushahidi. Wasipokuja, piga simu idara ya zimamoto ya mji wako kwa namba yao ya kawaida, si 911, ueleze kwamba unaishi bila alamu.

Na usiishushe na kuiacha chini ukisubiri fundi. Mikataba mingi ina faini kwa mpangaji aliyeondoa alamu, na ukaguzi huja bila wewe kuutarajia.

Sina pesa za kununua nyingine.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani limekuwa likifunga alamu za moshi bure majumbani tangu 2014, katika maeneo mengi ya nchi. Idara nyingi za zimamoto hufanya vivyo hivyo. Waombe bila woga. Wanakuja kufunga kifaa, hawaji kukagua karatasi za uhamiaji. Kama nyumbani kuna mtu asiyesikia, waambie, kwa maana zipo alamu zinazomulika taa kali na nyingine zinazotikisa kitanda.

Kiingereza changu ni kidogo. Nitasemaje nikipiga 911?

Sema "fire", kisha anwani yako, kisha "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwenye simu. Usikate, hata kukiwa kimya. Andika anwani yako kwa herufi kubwa karibu na mlango na uwafundishe watoto kuisoma. Mara nyingi wao ndio wenye Kiingereza ndani ya nyumba, lakini mtoto aliyeogopa husahau hata namba ya mlango.

Niipime mara ngapi?

Kila mwezi mara moja, kwa kubonyeza TEST mpaka ilie. Chagua siku ambayo huwezi kuisahau, kwa mfano siku ya kulipa pango. Watoto wawepo na waisikie. Mtoto aliyewahi kuikimbia kwa hofu anaweza kujificha chini ya kitanda moto ukitokea, na wazimamoto hawatamwona. Mwonyeshe njia mbili za kutoka, na mahali pa kukutana nje, kama vile chini ya mti fulani au kwenye sanduku la barua. Bibi na babu waliokuja juzi nao waonyeshwe, kwa kutembea nao hatua kwa hatua.

Kila chumba cha kulala kiwe na alamu yake, nyingine iwe kwenye ujia nje ya vyumba hivyo, na kila ghorofa iwe na yake.

Nimesikia ina mionzi. Ni hatari kwa mtoto mchanga?

Zile za ioni zina chembe ndogo mno ya amerisiamu-241 iliyofungiwa ndani. Ikiwa darini bila kuvunjwa, haimdhuru mtoto. Ila usiifungue kwa bisibisi.

Sisi tuko Uingereza. Mambo ni yale yale?

Milio na tiba ni hizo hizo, ila namba ya dharura ni 999. Kwa England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba analazimika kutengeneza au kubadilisha alamu akishaarifiwa kwamba haifanyi kazi, na kila ghorofa lazima iwe na moja. Scotland inataka alamu zilizounganishwa katika kila nyumba tangu Februari 2022, pamoja na ya joto jikoni, ambayo hailii kwa moshi wa chapati. Huduma za zimamoto huko pia hufanya ziara za usalama majumbani bila malipo.

Alamu ya zamani niliitupa kwenye droo, na bado nasikia "pii". Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Ikiwa na betri, italia popote ilipo: kwenye droo, kwenye sanduku la kuhamia, hata ndani ya pipa la taka. Itoe betri, shikilia TEST mpaka inyamaze kabisa. Ile iliyofungwa ya miaka 10 ina kitufe au tundu dogo mgongoni la kuizima moja kwa moja; maelekezo yameandikwa hapo hapo. Kabla ya kuitupa, uliza idara ya taka ya mji wako, maana baadhi ya miji hupokea alamu za ioni na betri za lithiamu mahali maalumu. Na hakikisha mpya iko darini na imeshalia kwa TEST kabla hujaizima ya zamani.